Tope la Kiwiko cha Kushoto

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa tope.

Jezi ya kipa ilikuwa inakuja kwangu na tope kwenye kiwiko cha kushoto. Kiwiko cha kushoto, ubavu wa kushoto, paja la kushoto. Upande wa kulia ulikuwa safi kama umetoka dukani. Mechi ya kwanza nilisema imetokea tu. Ya nne nikaanza kuangalia. Kufika ya saba nilikuwa naitafuta jezi ile kapuni kabla ya nyingine zote, nimesimama kwenye karo la kufulia peke yangu, natabasamu kama mtu aliyenong'onezwa siri.

Sikujua kuwa siri hiyo ingekuja kunikaba koo.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nilivyofika hapa. Mama aliugua nikiwa darasa la sita, nikaacha shule. Shangazi akanichukua, kisha akanitimua kwa kosa la bintiye. Nikapata kazi ya kufua katika shule ya bweni ya wasichana. Wiki iliyopita niliwaeleza nilivyonunua redio ndogo yenye antena iliyovunjika, na nilivyoanza kutuma meseji kwenye kipindi cha michezo cha mchana kwa jina la Msikilizaji wa Uani.

Kama unakutana nami leo kwa mara ya kwanza, hayo yanatosha. Ongeza moja tu: shuleni pale hakuna aliyejua kuwa Msikilizaji wa Uani ni mimi.

Hakuna aliyejua lolote kunihusu. Wanafunzi walikuwa mia tatu. Mimi niliwajua kwa soksi zao, wao hawakuijua hata sauti yangu. Walisukuma vikapu vya nguo dirishani wakaondoka wakicheka mambo yao. Wengine waliniita Wa Sabuni. Wengi hawakuniita chochote.

Isipokuwa kipa.

Shule nzima ilimwita Ukuta. Alikuwa msichana mrefu, mwenye viganja kama sahani, niliyemzidi miaka minne hivi. Alikuwa pale kwa nafasi ya michezo: shule inamsomesha bure, yeye anadaka mipira. Aliyemlea ni bibi yake, na bibi hakuwa na mbele wala nyuma. Siku Ukuta asipodaka, siku hiyo masomo yameisha.

Yeye hakusukuma kapu dirishani. Alizunguka mlangoni, akaweka glavu zake mkononi mwangu na kuniuliza, "Dada, umekula?"

Kila mara. Hata kama nilikula, nilikuwa nashindwa kujibu upesi. Mtu aliyezoea kuulizwa hawezi kuelewa.

Kuna siku moja mwanzoni mwa muhula, siku ya kufua blanketi, alinikuta navuta beseni kubwa limejaa maji na blanketi nne. Akashika mkono wa pili wa beseni kabla sijamkataza. Sakafu ilikuwa na povu. Beseni likaponyoka, likanijia miguuni, naye akajitupa akalizuia.

"Usiogope, dada," alisema, ameinama, anahema. "Kudaka ndiyo kazi yangu."

Tulicheka. Kisha tukatazama mlangoni, maana ilikatazwa kabisa mwanafunzi kushika kazi ya mfanyakazi. Matroni angetuona, mimi ningelala nje ya geti siku hiyohiyo. Tukakubaliana kunyamaza. Nikasahau.

Sasa njooni kwenye ile Ijumaa.

Kesho yake ilikuwa fainali, sisi na shule ya ng'ambo ya pili ya mji. Kipindi cha michezo kilikuwa kinaijadili tangu mchana umeanza. Mimi nafua, redio ipo rafuni juu ya kopo la sabuni. Mtangazaji akasoma meseji ya mtu wa upande wa pili: "Kipa wao ana bahati tu. Ufundi hana."

Damu ikanichemka. Mimi ambaye nikikanyagwa ndiye ninayeomba samahani.

Nikafuta mikono kwenye aproni, nikachukua simu, nikaandika: "Kipa wetu habahatishi. Akiruka kushoto kwake hakuna mpira unaopita, nimefuatilia mechi kumi na moja. Kulia bado haendi. Siku akijifunza na kulia, mtatafuta pa kupiga mkose. Msikilizaji wa Uani."

Niliiandika kumsifu. Naomba hilo mlishike, hata kama mengine yote mtayatupa.

Mtangazaji aliisoma mara mbili. "Mnasikia uchambuzi?" akasema. "Mechi kumi na moja. Mtu huyu ana daftari."

Sikuwa na daftari. Nilikuwa na kiwiko.

Nikaenda jikoni kunywa chai na uso umeniwaka. Kule redio nayo ilikuwa wazi. Mpishi mkuu, mama mnene wa maneno mengi tunayemwita Mama Sufuria, alikuwa anachambua mchele. Mzee wa Geti alikuwa amekalia ndoo, gazeti la jana limefunguliwa magotini.

"Huyu Msikilizaji wa Uani amesoma," Mama Sufuria akasema. "Unasikia anavyopanga maneno? Huyo ana vyeti mpaka chini ya godoro."

"Kocha mstaafu huyo," Mzee wa Geti akasema. "Mimi sauti ya kocha naijua."

"Sauti gani, mzee, na ni meseji?"

"Hata meseji ina sauti. Tatizo lako hujaenda shule."

"Wewe uliyekwenda uko wapi? Umesoma mpaka ukachoka, ukawa mlinzi. Mimi sikusoma, nikawa mpishi. Tumekutana jikoni hapahapa, tena unasubiri chai yangu."

Mzee akageuza ukurasa polepole, kama hakusikia. "Redio zenyewe zinadanganya," akasema. "Gazeti nalo linadanganya, ila gazeti angalau unaweza kufungia kitu."

"Na mpira nao? Wasichana wanakimbia jioni nzima, hesabu itaingia saa ngapi? Wanakuja hapa wanakula kama wachimba mitaro."

"Mpira ndio unaomsomesha yule Ukuta. Bila mpira angekuwa anafua nguo kama..."

Akanikumbuka. Akakohoa.

"Kama wengine," akamalizia.

Nilikuwa nimekaa pembeni yao hatua mbili, nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Walibishana nusu saa juu ya maneno yangu mwenyewe. Hakuna aliyegeuka akasema, na wewe, binti, unaonaje.

Jumamosi nilibaki na mashuka. Redio ilikuwa inatangaza moja kwa moja kutoka uwanjani.

Bila kwa bila mpaka mwisho. Wakaenda penalti.

"Anakwenda wa kwanza," mtangazaji akasema. "Anapiga kulia kwa kipa. Kipa ameruka kushoto. Goli."

Nikaacha kusugua.

"Wa pili. Kulia kwa kipa tena. Kipa kushoto tena. Goli."

Maji yalikuwa ya moto, ila vidole vyangu vilikuwa baridi. Wa tatu, kulia. Wa nne, kulia. Kila mmoja aliweka mpira palepale kana kwamba ameonyeshwa kwa fimbo. Nahodha wetu naye alikuwa amekosa wake mmoja. Akaja wa tano.

"Kulia. Na kipa safari hii ameanguka kulia, lakini mpira ulishapita. Hata mkono hakunyoosha. Jamani, huyu kipa leo ana nini? Ameanguka kama gunia."

Kelele zikajaa redioni. Walikuwa wameshinda wao. Kisha mtangazaji akasema jambo ambalo mpaka leo nikilisikia kichwani naziba masikio, ingawa haliko masikioni.

"Msikilizaji wa Uani alituambia jana. Msikilizaji wa Uani, popote ulipo, studio inakuvulia kofia."

Nilikuwa karoni, mikono imezama kwenye mashuka ya watu. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunivulia kofia.

Nikazima redio.

Jumapili asubuhi mlango ukafunguliwa. Alikuwa Ukuta, amebeba jezi yake imeviringwa, kwa mkono wa kushoto. Macho yalikuwa yamevimba. Hakuniuliza kama nimekula.

"Wanasema nimeuza mechi, dada."

"Nani wanasema?"

"Wote. Mwalimu Filimbi ndiye wa kwanza."

Huyo ni mwalimu wa michezo. Filimbi haimtoki shingoni hata akienda kunawa.

"Anasema habari ya kushoto hata yeye hakuijua. Anasema mtu wa kuijua ni mimi mwenyewe, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia huyo wa redioni, wapinzani wakasikia, na kwamba nilikuwa nimepatana nao. Bibi ameitwa. Kesho saa nne ofisini kwa mkuu."

"Sasa kwa nini huruki kulia?" nikamuuliza. Sauti ilitoka ndogo mpaka alinisogelea.

Akashusha ukosi wa fulana. Bega la kulia lilikuwa na uvimbe mgumu, rangi yake imebadilika.

"Tangu siku ile ya beseni," akasema.

Nikakalia ndoo.

Muhula mzima. Mechi kumi na moja nilikuwa naangalia tope na kujiona mjanja, na kumbe lile tope nimelipanga mwenyewe.

"Waambie," nikasema. "Waambie unaumwa."

"Wataniuliza niliumia wapi." Akapandisha bega moja, lile zima. "Nikisema ni huku, wewe unaondoka. Na kipa mwenye bega bovu naye anakwenda nyumbani vilevile. Tuondoke wawili kwa faida ya nani?"

Alisema hivyo taratibu, kama mtu aliyekwisha kupiga mahesabu akachoka. Kisha akatazama rafuni, redio ilipo.

"Ninachotaka kujua ni kimoja tu, dada. Huyo Msikilizaji wa Uani. Mimi nimemkosea nini?"

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Alikuwa peke yake, mimi peke yangu, mlango umefungwa. Nilifungua mdomo. Nikaona kapu, karo, kitanda changu nyuma ya pazia, chumba pekee duniani ambacho ufunguo wake ninao.

Nikasema, "Umekula?"

Akatikisa kichwa, akaweka jezi mezani, akaondoka.

Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuifungua. Nilipoikunjua, kiwiko cha kushoto kilikuwa na tope, kama kawaida. Nikaigeuza.

Kiwiko cha kulia kilikuwa na tope pia. Tope zito, lililosuguliwa kuanzia kiwiko mpaka begani, na kitambaa kimechanika, na kwenye mchaniko kulikuwa na damu kidogo iliyokauka.

Mtu anayejiangusha baada ya mpira kupita anaanguka kwa makalio. Mimi nafua nguo za wachezaji mwaka wa pili sasa, najua. Huyu alikuwa ameruka. Aliruka kwa nguvu zote upande usiomruhusu, na mkono ukakataa kunyooka.

Jezi kumi nilizifua, nikazianika. Ya kumi na moja sikuigusa kwa maji.

Jumatatu saa nne nilikuwa nje ya ofisi ya mkuu wa shule, nimebeba mapazia yaliyopigwa pasi. Mapazia yale yalikuwa ya Alhamisi. Sikuwa na kisingizio kingine cha kuingia.

Kwenye benchi alikaa bibi mwembamba, kilemba kimefungwa vizuri, viatu vimepakwa rangi kwa ajili ya safari hiyo. Kando yake kulikuwa na begi la Ukuta, limeshafungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mwalimu hapa?"

"Hapana, bibi. Nafua."

"Basi wewe ndiye dada," akasema. Akanishika mkono. "Ananisimulia habari zako kila likizo."

Mlango ukafunguliwa, wakamwita ndani. Nikaingia nyuma yake.

Mkuu wa shule, mama wa miwani asiyependa maneno marefu, alikuwa nyuma ya meza na barua mbele yake. Mwalimu Filimbi alisimama dirishani. Ukuta alikuwa katikati ya chumba, anatazama sakafu.

"Mapazia weka pale," mkuu akasema bila kuniangalia.

Nikaweka. Sikutoka.

"Kuna lingine?"

"Msikilizaji wa Uani ni mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti, binti, sikusikii."

"Ile meseji. Ni mimi niliyetuma."

Mwalimu Filimbi akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mtoto akisema yeye ni rubani.

"Wewe? Mimi namsikiliza yule mtu tangu muhula uanze. Yule ni mtaalamu. Hata mimi kuna mambo nimejifunza kwake. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita. Sikulimaliza."

"Unaona, mkuu? Anamwonea mwenzake huruma, basi. Nenda kaendelee na kazi, dada."

Nilidhani kukiri ndiko kugumu. Sikuwaza kwamba naweza kukiri nikanyimwa hata kosa langu.

Nikaitoa simu kwenye aproni, nikaweka mezani, meseji ikiwa wazi. Mkuu akavaa miwani vizuri, akasoma. Akasoma tena.

"Uliyajuaje haya?" akauliza. "Hujawahi kwenda uwanjani."

"Kwenye nguo, mama."

"Nguo gani?"

Sijui ule mdomo niliupata wapi. "Nahodha akikosa anavuta ukosi wa jezi, ndiyo maana umelegea. Namba saba anaanguka makusudi, magoti yake hayana michubuko, tope lipo nyuma tu. Namba nne alibadilishana viatu na mdogo wake, soksi zinatoboka kidoleni." Nikamgeukia Filimbi. "Na suti ya mazoezi ya Mwalimu, nimeifua miezi miwili, haijawahi kuja na jasho."

Bibi akakohoa ndani ya kiganja. Filimbi akatazama nje.

Kisha nikatoa ile jezi chini ya mapazia, nikaitandaza juu ya meza ya mkuu, juu ya barua yake, na tope lake lote.

"Hii ni ya Jumamosi. Tazama kulia, mama. Mtu aliyeuza mechi haachi ngozi yake uwanjani."

Mkuu akapitisha kidole kwenye mchaniko. "Kwa nini mkono haukunyooka?"

"Dada," Ukuta akasema. "Nyamaza."

"Bega lake limeumia," nikasema. "Aliumia chumbani kwangu, ananisaidia beseni la blanketi. Najua imekatazwa. Alinyamaza ili nisifukuzwe. Na mimi nikanyamaza ili nisifukuzwe."

Hapo ndipo Ukuta alipoinua uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma jina kwenye kapu na kukuta si lake.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Hakusema dada.

Mkuu akaivuta barua chini ya jezi. Ilikuwa ya kumfukuza Ukuta, imekwisha kuchapwa, imebaki sahihi. Akaiweka kando, upande wa kushoto. Akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe, akaiweka upande wa kulia. Akafungua kalamu, akaishika katikati ya zote mbili.

"Kabla sijaandika jina la mtu hapa," akasema, "nieleze jambo moja. Una kazi, una mahali pa kulala. Wale watu wa redio hawakujui, hawakulipi. Ulikuwa unatafuta nini?"

Bibi alikuwa ananitazama. Filimbi alikuwa ananitazama. Ukuta alikuwa amenipa mgongo, lakini nilijua anasikiliza, kwa namna lile bega lililovimba lilivyoacha kupanda na kushuka.

Niliwaambia jambo ambalo sijawahi kulisema, hata peke yangu, hata karoni maji yakiwa yanamwagika kwa kelele.

"Tangu nitoke darasa la sita," nikasema, "hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na wewe unaonaje."